Programu moja ya kuingia kwa Linux na FreeBSD: shajara ya mradi

Tunatunza programu huria ya kuingia: ile inayochora skrini ya jina na nywila, inayozungumza na PAM (mfumo wa moduli za kumthibitisha anayeingia), kisha inamfungulia mtumiaji eneokazi lake. Ilizaliwa enzi za X11 (mfumo wa zamani wa kuchora madirisha) na ConsoleKit (huduma ya zamani ya kusajili walioingia). Awamu hii ina malengo mawili yanayovutana. La kwanza, ifanye kazi kwenye Linux yenye systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo), Linux isiyo nayo, na FreeBSD. La pili, maeneokazi kama Plasma (la KDE), GNOME na mengineyo yakute kila kitu kimeshaandaliwa: hifadhi ya nywila imefunguka, picha ya mtumiaji ipo, kibodi ni ileile aliyoichagua.

Hatua za kawaida nimezipitia haraka. Yaliyokwama na namna yalivyokwamuliwa ndiyo yamepewa nafasi, kwa ajili ya atakayetaka kuinakili kazi hii.

6 Oktoba 2025: kwa nini sasa

GNOME 49 ilitoka mwezi uliopita. GDM yake, yaani programu yake ya kuingia, inategemea userdb (orodha ya watumiaji) ya systemd ili kutengeneza watumiaji wa muda wa skrini ya kuingia, na gnome-session imeondoa msimamizi wake wa ndani wa huduma, ikaiachia systemd kazi hiyo. Upande wa KDE kuna Plasma Login Manager, iliyochipuka kutoka SDDM (programu ya kuingia iliyozoeleka kwa Plasma), nayo inaegemea systemd. Sioni ubaya wowote hapo. Anayetunza eneokazi kubwa ana haki ya kuchoka kuandika jambo moja mara tatu.

Ila watumiaji wa Void na Alpine (Linux zisizo na systemd) na wa FreeBSD hawajaenda popote. OpenBSD tumeiweka kando tangu mwanzo: haina PAM, inatumia BSD Auth, na ina xenodm yake.

Uamuzi wa kwanza: msimbo mkuu hauruhusiwi kuwa na #ifdef (kipande kinachojengwa kwa sharti tu) ya mfumo wowote. Jambo linaloutegemea mfumo litapita kwenye adapta yenye maswali manne tu: kiti (yaani skrini, kibodi na kipanya) ni cha nani sasa hivi, kipindi (tangu mtumiaji aingie hadi atoke) kimesajiliwa wapi, watumiaji ni akina nani, na mashine inazimwaje. Kipengele kinachodai swali la tano kijitetee kwanza.

20 Oktoba: michakato mitatu badala ya mmoja

Toleo la zamani lilikuwa na mchakato mmoja wa root (mwenye mamlaka yote ya mfumo) uliofanya yote: ulifungua kipindi cha PAM cha skrini ya kuingia, kisha baadaye kipindi cha mtumiaji. Kwa X11 halikulalamikiwa. Tulipojaribu kipindi cha Wayland, mrithi wa X11, eneokazi lilikufa papo hapo kwa sababu limenyimwa /dev/dri/card0, yaani kadi ya picha.

Tulianza kutafuta kwenye ruhusa za draiva na udev (msimamizi wa vifaa), tukapoteza muda mwingi huko. Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu za mfumo, mstari mmoja usio na rangi nyekundu:

    Cannot create session: Already running in a session

Kinachotokea ni hiki. pam_systemd humsajili yule aliyeita pam_open_session kuwa kiongozi wa kipindi, na humhamishia kwenye cgroup (kikundi cha michakato) ya kipindi hicho. Mchakato wetu wa root ulikuwa tayari ndani ya kipindi cha skrini ya kuingia. Ulipokuja kufungua cha pili, moduli ilikataa kimyakimya na kurudisha jibu la mafanikio. PAM ilituambia mambo shwari, ilhali logind, huduma ya systemd inayotunza vipindi, haikumjua kabisa mtumiaji aliyeingia. Na kwa kuwa ruhusa za kadi ya picha na sauti hutolewa kwa kipindi kilicho hai pekee, mtumiaji alinyimwa. X11 iliificha kasoro hii kwa miaka kwa sababu seva ya X kwetu iliendeshwa na root.

Dawa: mchakato mkuu sasa haugusi PAM. Kila kipindi kina msaidizi wake: anafungua PAM, anazaa mchakato wa mtumiaji, anasubiri ufe, kisha anafunga PAM yeye mwenyewe. SDDM ina mpangilio wa namna hiyo kwa miaka mingi, na sasa tunaelewa kwa nini.

Gharama yake si ndogo. Nywila sasa inasafiri kwenye soketi kati ya michakato, hivyo lazima ifutwe kwenye kumbukumbu pande zote mbili. Tena PAM si lazima iulize nywila peke yake. Inaweza kudai namba ya siri ya mara moja, au kutangaza kwamba nywila imeisha muda na kutaka mpya mara mbili. Itifaki ya kwanza tuliyoandika ilibeba jina na nywila tu, ikavunjika siku ileile tulipojaribu nywila iliyoisha muda. Ya sasa inabeba maswali na majibu, idadi yoyote, kwa mpangilio wowote PAM itakaoamua. Anayenakili aanze na hiyo ya pili.

10 Novemba: logind bila systemd

elogind ni logind iliyotolewa ndani ya systemd na kusimama peke yake. Hutumia jina lilelile kwenye D-Bus (njia ya programu kuzungumziana), org.freedesktop.login1, kwa hiyo adapta moja inatosha kwa zote mbili. Tumeacha kuunganisha maktaba ya libsystemd kabisa. Tulichokuwa tukikichukua humo kinapatikana kwa D-Bus, na kumbukumbu zetu zinakwenda syslog.

Hitilafu ilijitokeza kwenye mashine pepe ya OpenRC (mbadala wa systemd wa kuwasha huduma). Mara nyingine programu iliwaka ikiamini hakuna logind, mara nyingine iliiona. Tulikuwa tukiuliza D-Bus kama jina lina mwenyewe. Pale elogind ilikuwa haijaamshwa bado: huamka mtu anapoiita. Kuuliza kama yupo si kumwita.

Sasa tunaita moja kwa moja, kwa muda wenye ukomo. Kama huduma haipo kabisa, D-Bus hujibu ServiceUnknown mara moja, hivyo FreeBSD haicheleweshwi.

Jingine la wiki hii ni dogo lakini linaudhi. Mtumiaji yuko peke yake, anabofya kuzima mashine, mfumo unamwomba nywila ya msimamizi eti kuna mtu mwingine ameingia. Huyo mtu mwingine alikuwa skrini yetu ya kuingia. logind ina ruhusa tofauti ya kuzima mashine yenye vipindi vya watu wengi, na kipindi chetu kilihesabika kama cha mtu. Dawa ni kuweka XDG_SESSION_CLASS=greeter kwa pam_putenv kabla ya pam_open_session. Baada yake haisaidii, na vivyo hivyo kwa XDG_SESSION_TYPE: pam_systemd huvisoma vigeu hivyo wakati wa kusajili, haivirudii tena.

1 Desemba: FreeBSD

Kujenga kulikwama kwanza kwenye PAM. FreeBSD hutumia OpenPAM, nasi tulikuwa tumezoea nyongeza za Linux-PAM kama pam_syslog. Zimeondolewa. Mafaili ya vipindi yako /usr/local/share/xsessions, si /usr/share. Na sehemu moja ya msimbo ilisoma /proc, ambayo FreeBSD haipachiki mpaka uiambie. Hayo yalikwisha upesi.

Lililotuchelewesha ni madarasa ya kuingia. FreeBSD huweka mipaka ya rasilimali, umask (ruhusa za mafaili mapya), lugha na njia za programu kwenye /etc/login.conf, kila mtumiaji na darasa lake. Sisi tulibadilisha UID na GID (namba za mtumiaji na za kikundi) kwa mkono kama kwenye Linux, na darasa likapuuzwa lote. Aliyewekewa lugha kwenye darasa lake aliingia akakuta herufi zisizo za ASCII zimegeuka alama za kuuliza. Kazi hiyo ni ya setusercontext, nayo huitwa baada ya PAM kufungua kipindi, kwa sababu ikishamaliza huna tena mamlaka ya root.

Humo humo kuna mtego mwingine. setusercontext huita setlogin, na FreeBSD jina la kuingia huhifadhiwa kwa kikundi kizima cha michakato kilichoanzishwa na setsid, si kwa mchakato mmoja. Msaidizi wetu alikuwa hajaita setsid. Matokeo yake, mtumiaji wa kwanza akiingia, mchakato mkuu wa root nao ukaanza kujitambulisha kwa jina lake. Sasa setsid ni mstari wa kwanza kabisa wa mchakato wa mtumiaji.

Adapta ya FreeBSD inazungumza na ConsoleKit2. Maswali manne yametosha, ingawa la kiti linajibiwa nusunusu.

15 Desemba: faili la PAM haliwezi kuwa moja

Tulitaka kusambaza faili moja la /etc/pam.d. Haiwezekani, na sijutii kuacha. Debian huandika @include common-auth, Fedora huandika substack password-auth, Arch hujumuisha system-login, FreeBSD hujumuisha system. Faili la Fedora ukiliweka Debian, hakuna atakayeingia, hata mwenye mashine.

Tunatoa mifano minne, na anayefunga kifurushi anachagua wakati wa kujenga. Asipochagua, hakuna faili linalowekwa, na programu inakataa kuwaka kwa ujumbe unaoeleweka. Bora ikatae mchana kweupe kuliko kumwacha mtu nje ya mashine yake.

12 Januari 2026: hifadhi ya nywila

Huu ndio muunganiko ambao watumiaji huuona kwanza. Wakiingia kwa nywila, KWallet (hifadhi ya KDE) au hifadhi ya GNOME inapaswa kufunguka bila kuuliza tena. Kazi yote ni ya moduli za PAM, pam_kwallet5 na pam_gnome_keyring: hunasa nywila wakati wa uthibitisho, kisha huitumia kipindi kinapofunguka. Kwa nadharia hatuandiki hata mstari mmoja.

Kwa vitendo KWallet iliuliza nywila kila mara. Moduli yake huacha kigeu PAM_KWALLET5_LOGIN chenye njia ya soketi iliyoko ndani ya XDG_RUNTIME_DIR (folda ya muda ya mtumiaji), na eneokazi likiwaka hukitafuta. Sisi tulikuwa na orodha ya vigeu tunavyovikubali kutoka PAM, kwa ajili ya usalama, na hicho hakikuwemo. Wazo la kwanza lilikuwa kukiongeza kwenye orodha. Tulilikataa: kesho moduli nyingine itakuja na kigeu chake, na msimbo mkuu utageuka daftari la majina ya maeneokazi. Sasa vigeu vyote vya pam_getenvlist vinapita, na sisi tunaandika juu yake vile vichache vilivyo vyetu tu.

Mpangilio wa mistari nao ni muhimu:

    session   required   pam_systemd.so
    -session  optional   pam_gnome_keyring.so auto_start
    -session  optional   pam_kwallet5.so auto_start

pam_systemd (au pam_elogind) itangulie, kwani ndiyo inayotengeneza XDG_RUNTIME_DIR. Kistari cha mwanzo huiambia Linux-PAM isijaze kumbukumbu za mfumo pale moduli isipokuwepo. Ni cha Linux-PAM, kwa hiyo mfano wa FreeBSD hauna.

Anayeingia kwa alama ya kidole ataulizwa nywila ya hifadhi, na hakuna kiraka kitakachobadilisha hilo upande wetu: ufunguo wa hifadhi hutengenezwa kutokana na nywila, na kidole hakitoi nywila. Kuingia kwa kujiendesha ni vivyo hivyo, isipokuwa pale diski imefungwa kwa nenosiri. systemd 255 ilileta pam_systemd_loadkey, inayochukua nenosiri lililofungulia diski na kulipitisha kwa PAM. Ni mstari mmoja kwenye mifano ya Linux yenye systemd, na kwetu haukugharimu msimbo wowote. Kipengele cha mfumo mmoja kikikaa kwenye faili la mipangilio, wengine hawakilipii.

26 Januari: nukta-mkato

Ripoti ilisema GNOME Classic inaingia vizuri, lakini programu nyingine haziwaki zenyewe na dirisha la kuchagua faili la programu zilizofungiwa (zisizoruhusiwa kugusa mafaili zenyewe) halifunguki. Plasma haikuwa na tatizo. Tulikagua D-Bus na huduma za portal, zinazozifungulia programu hizo dirisha. Kumbe ni herufi moja. Faili la kipindi lina:

    DesktopNames=GNOME-Classic;GNOME;

Nasi tulikinakili kilivyo kwenye XDG_CURRENT_DESKTOP. Mafaili hayo hutenganisha kwa nukta-mkato (;), kigeu hutenganisha kwa nukta mbili (:). Programu zilizoandikwa OnlyShowIn=GNOME; ziliona eneokazi linaloitwa "GNOME-Classic;GNOME;" zikajua haziko kwao. xdg-desktop-portal, ambayo tangu 1.17 huchagua mipangilio yake kwa kigeu hichohicho, ikakosa pa kwenda. Plasma ilipona kwa sababu ina jina moja tu, KDE.

Kiraka cha kwanza kilibadilisha alama na kuacha nukta mbili mwishoni, yaani jina tupu la ziada. Cha pili kinasoma orodha kwa kanuni za faili lenyewe na kutupa vipande vitupu. Kuna wafungashaji wanaoandika nukta mbili moja kwa moja kwenye faili, kinyume na kanuni. Hao tunawaacha wapite.

Tukiwa humohumo tuligusa kumbukumbu ya kipindi cha mwisho. Tulihifadhi jina la faili pekee. Plasma 5 iliita plasma.desktop kipindi cha X11. Plasma 6, ya Februari 2024, ililitoa jina hilo kwa Wayland na kukiita cha X11 plasmax11.desktop. Mtu alipanda toleo akajikuta Wayland bila kuulizwa. Sasa tunahifadhi njia kamili pamoja na aina, na aina ikibadilika skrini inaonyesha uteuzi badala ya kuukisia.

16 Februari: picha, kibodi na mwonekano

Picha ya mtumiaji hukaa ~/.face. Nyumba ya mtumiaji siku hizi mara nyingi ina ruhusa 0700, na skrini ya kuingia huendeshwa na mtumiaji wake wa pekee, hivyo haiioni. AccountsService (huduma ya taarifa za watumiaji) hutatua hili kwa kuweka nakala /var/lib/AccountsService/icons. Isipokuwepo, msaidizi wetu anainakili wakati mtumiaji anaingia, akiwa na mamlaka ya mtumiaji huyo na si ya root. Picha mpya huonekana baada ya kuingia mara moja. Inatosha.

Kibodi ilikuwa na madhara zaidi. Kwenye mpangilio wa Kijerumani, y na z zimebadilishana nafasi. Skrini ikiwaka na mpangilio wa Kimarekani, mwenye nywila yenye mojawapo ya herufi hizo anakosea bila kujua, na pam_faillock kwa mipangilio yake ya kawaida hufunga akaunti baada ya makosa matatu, kwa sekunde 600. Tunasoma locale1 ya D-Bus (huduma ya lugha na kibodi), ikikosekana /etc/default/keyboard, na ikikosekana hiyo faili letu. FreeBSD ina majina yake ya ramani za konsoli yasiyolingana yote na ya XKB (mfumo wa mipangilio ya kibodi tunaoutumia), kwa hiyo huko ni faili letu tu. Na mpangilio unaotumika umeandikwa wazi pembeni mwa kisanduku cha nywila, kwenye mifumo yote.

Kuna aliyependekeza tusome mipangilio ya Plasma ndani ya nyumba ya mtumiaji. Tumekataa. Mchakato wa root unaochanganua mafaili ambayo mtumiaji anayaandika apendavyo ni mwaliko wa balaa, na muundo wake unabadilika bila sisi kujulishwa. Tumefuata njia ya ukurasa wa mipangilio wa SDDM ndani ya Plasma: eneokazi ndilo linalosukuma. Tumetenga folda moja ambamo eneokazi lolote, kwa idhini ya polkit (huduma inayoamua nani aruhusiwe nini), linaweza kuweka faili fupi lenye mandhari, ukuzaji, kielekezi na kibodi. Picha ya mandhari hunakiliwa, haitajwi kwa njia yake. Ufunguo tusioujua tunauruka.

Wanaosema mshika mawili moja humponyoka wana hoja hapa. Kwa njia hii, ukibadilisha mandhari leo, skrini ya kuingia haibadiliki mpaka ubonyeze kitufe cha kusawazisha. GDM haina shida hiyo kwa kiwango kilekile, maana skrini yake ni GNOME Shell yenyewe. Tumelikubali pengo hilo na kuliandika kwenye maelezo ya mradi.

9 Machi: kilichotoka, na kinachobaki

Toleo la majaribio limetoka. Linux yenye systemd na yenye elogind zinapimwa kila badiliko linapoingia. FreeBSD inapimwa kabla ya kila toleo, na maelezo yanasema hivyohivyo. Kwenye Linux yenye musl (maktaba ya C inayotumiwa na Alpine) amri ya who haionyeshi aliyeingia, kwa kuwa kazi za utmp (rejista ya walioingia) za musl ni maganda matupu. Anayeihitaji aweke utmps.

Lililobaki ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalonifanya niheshimu uamuzi wa GNOME wa kuegemea systemd: kisoma skrini. Asiyeona anahitaji Orca, kisoma skrini chenyewe, kabla hajaandika nywila. Orca inahitaji basi la AT-SPI (linaloieleza kilichoko kwenye skrini) na sauti, na vyote viwili vinapaswa kuendeshwa na mtumiaji wa skrini ya kuingia, kabla ya mtu yeyote kuingia. Penye systemd ni vipande vya huduma vya mtumiaji, vinajipanga vyenyewe. Kwingineko lazima mtu awashe PipeWire (huduma ya sauti), asubiri soketi yake, awashe AT-SPI, ndipo Orca, na avizime vyote kwa mpangilio wa kinyume ili mtumiaji atakayeingia asikute kifaa cha sauti kimeshikiliwa. Jaribio la kwanza kwenye Void lilisema "nywila" mara moja, kisha sauti ya kipindi cha mtumiaji ikakosekana kabisa.

Hilo ni swali la tano, na limejitetea. Adapta itaongezewa kazi ya kuwasha na kuzima huduma za skrini ya kuingia. Kazi inaanzia kwenye elogind, ambako hakuna cha kutuficha makosa ya mpangilio. FreeBSD itafuata, na systemd itakuwa ya mwisho.